Mkono wa Papa Ingrid

Kila Jumamosi mchana Ingrid alimpelekea baba yake chakula kwenye karakana za Agakiriro, Gisozi. Audace, ambaye watu walimwita Papa Ingrid, alikuwa fundi wa vitanda, na vitanda vyake havikulia hata ukivirukia. Lakini tangu patasi imchome kifundo cha mkono wa kulia, kazi yake ilikuwa ya kusuasua. Kidonda kilikwisha kufunga, likabaki kovu jembamba kama uzi. Hata hivyo, upepo ukiupitia tu ule mkono, alikunja uso.

"Amepona huyo, anakwepa kazi tu," Eustache, fundi jirani, aliwaambia wenzake akicheka. Ingrid alimsikia, na maneno hayo yakamwingia.

Wakati wa likizo babu yake, mzee Nsengiyumva, baba wa mama yake, alifika nyumbani kuwajulia hali. Alinyoosha mkono kusalimia. Audace akampa kiwiko! Ingrid aliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

"Papa, msalimie Babu vizuri! Kidonda si kilishapona?"

Kabla hajazuiwa, aliushika mkono wa baba yake akautia katika kiganja cha mzee. Audace alipiga yowe. Ingrid hakuwahi kumwona baba yake akilia. Sasa alilia mbele ya mkwewe.

"Mkono iko inawaka moto, mwanangu," alisema kwa shida. "Sijifanyi."

Kesho yake Babu aliwapeleka wote wawili hospitali. Daktari Connie alipitisha kipande cha pamba juu ya kovu, na Audace akaruka.

"Patasi ilijeruhi mshipa wa fahamu," daktari alieleza. "Mwili una walinzi wake, wale wanaopigana na magonjwa. Walikimbilia hapo kusafisha na kutengeneza. Ingrid, irondo, wale walinzi wa usiku mtaani kwenu, wakimwona mwizi wanafanya nini?"

"Wanapuliza filimbi, watu wote wanaamka."

"Basi, mwizi ameshakwenda, lakini baadhi ya walinzi wa mwili bado wanapuliza. Mshipa haupati usingizi. Ukiguswa na pamba, unadhani ni patasi. Maumivu haya ni ya kweli kabisa."

Alimpa dawa za kutuliza mishipa ya fahamu na kumfundisha mazoezi, akamwonya kwamba nafuu ingekuja polepole.

Njiani Ingrid alishindwa kujizuia. "Nisamehe, Papa. Nilimwamini Eustache kuliko wewe." Baba yake akamvuta kwa mkono wa kushoto, wakatembea wamekumbatiana.

Miezi ilipita. Jumamosi moja Ingrid alifika na chakula, akamnyooshea baba yake kiwiko kama alivyozoea. Audace aliweka randa chini, akampa mkono wa kulia.

"Shika, taratibu."

Ingrid aliushika kama anayeshika kifaranga. "Bado inauma, Papa?"

"Kidogo tu." Audace alitabasamu. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Mtu akikwambia anaumwa, usianze kutafuta kidonda. Anza kwa kumwamini."

Eustache alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Aliingia bila mzaha wowote, akamnyooshea Papa Ingrid kiwiko.