Alama Ndani ya Mfuniko

Soko kuu la Tabora saa nne asubuhi halina nafasi ya mtu kusimama akashangaa, lakini Majidi alisimama. Bodaboda ikampigia honi, muuza asali akamsukuma na ndoo. Macho yake yalikuwa kwenye meza ya fundi saa: ushungi wa zambarau, hina iliyopauka vidoleni, kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni. Asmahani yuleyule, baada ya miaka sita. Treni ya Kaliua ilimchosha mgongo. Moyo ulichoshwa na swali moja tu, kama atapokewa.

Akaweka saa mezani. "Fundi, nikadirie. Nimeinunua laki tatu."

Asmahani hakuinua kichwa. "Kioo kimekwaruzika. Mshale wa dakika si wake. Hii elfu hamsini, kaka, tena nikiwa nimefurahi. Nani kakuingiza mjini?"

"Mzee mmoja mfugaji, wa kijiji cha Choma."

"Si bora angekuuzia ng'ombe, ungekunywa maziwa!"

Akafungua mfuniko wa nyuma. Fundi saa, kila afunguapo, huchora humo herufi yake na tarehe kwa ncha ya sindano. Palikuwa na mwandiko wa marehemu baba yake, fundi wa meza hii kabla yake, mara nne. Chini yake, A yake mwenyewe: siku alipomvisha Majidi saa ya baba pale stesheni, akimsindikiza kwenda kazini Kaliua, akamwambia asiivue.

Kioo kikamdondoka jichoni.

"Nilisikia uliiuza."

"Niliiuza. Mama alilazwa, Asma. Nikaona haya kukwambia."

"Ukaona afadhali usipokee simu! Nilipiga mpaka yule dada wa 'haipatikani' nikawa namsalimia."

"Nimeitafuta miaka miwili. Yule mzee alivyoniona natetemeka, akapandisha bei."

Asmahani alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akachukua sindano, akachora A nyingine na tarehe ya leo. Akafunga, akaijaza ufunguo, akaiweka sikioni. Mlio uleule wa dirishani kwao, baba alipokuwa akiivua na kuiweka hapo ili atawadhe.

"Elfu hamsini," akarudia. "Sibadilishi."

"Na mimi je?"

"Wewe hasara tupu." Akamfunga saa mkononi, taratibu. "Posa ulete Ijumaa baada ya swala, kwa baba mdogo. Ila kanga za mama yangu tutanunua wote. Ukienda peke yako, soko hili litakumaliza."