Chiriku, Mkalimani wa Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimsaidia mama yake kukamua mashuka. Mama alishika ncha moja, Chiriku akashika nyingine, wakalizungusha shuka mpaka maji yakamwagika kwenye beseni. Jina la Chiriku alipewa na baba yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata wakati wa kukamua alipiga domo, na mama alicheka mpaka shuka likamponyoka.

"Wewe mtoto! Hebu mdomo upumzike, mikono ifanye kazi!"

Walikuwa wageni katika nchi ile, wakiwa wamehamia mwaka uliopita tu. Baba alilinda ghala usiku na kulala mchana, akikoroma mpaka vikombe vikatikisika kabatini. Mama alifua nguo za watu kwa mikono, mdogo wake Chiriku akicheza kando ya beseni. Sabuni ilikuwa imemchubua vidole, hata kubeba ndoo kulimfanya akunje uso, ingawa alijikaza kisabuni na hakulalamika.

Lugha ya nchi ile bado ilimpiga chenga mama. Chiriku alikuwa ameijifunza upesi darasani na uwanjani, kwa hiyo alikuwa mkalimani wa nyumba nzima: zahanatini yeye, sokoni yeye, shuleni yeye. Kazi hiyo aliipenda mno. Ila alikuwa na tabia moja mbaya: maneno yasiyompendeza aliyabadilisha njiani. Siku mwalimu aliposema, "Binti yako anapiga soga darasani," Chiriku alimgeukia mama na kusema, "Anasema ninashiriki vizuri katika mazungumzo." Mama akamshukuru mwalimu kwa moyo wote, mwalimu akabaki ameduwaa.

Siku moja msimamizi wa nyumba ya wageni ya mtaa wa pili alimwita mama. Alitaka kumpa mashuka ya vyumba vyote awe anayafua, lakini kwa sharti moja: awe na mashine ya kufulia. Angemsubiri hadi mwisho wa mwezi, kisha angemtafuta mtu mwingine. Hiyo ingekuwa kazi ya kudumu, ya kulipia kodi na ada bila kubabaika. Mama alirudi nyumbani akiimba.

Jumamosi wakaenda kwenye duka la vyombo vya umeme, ambako watu walichukua vitu na kuvilipia kidogo kidogo kila mwezi. Afisa wa mikopo alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba. Aliandika jina la mama kwenye kompyuta, akasubiri, kisha akatikisa kichwa.

"Hana rekodi yoyote," alisema. "Hajawahi kukopa kitu nchini humu. Hatujui kama ni mlipaji mzuri au mbaya."

Chiriku alipotafsiri, mama alishangaa. "Mwambie dada huyu sidaiwi na mtu hata senti. Hilo si jambo jema?"

"Ni jema," afisa alijibu akitabasamu. "Lakini mimi namkabidhi mtu mashine leo, naye ananilipa mwaka mzima. Lazima nijue amewahi kulipa kitu kila mwezi bila kusumbua. Tuanze na kodi ya nyumba. Muulize, amewahi kuchelewa kuilipa?"

Mama hakusita. "Ndiyo, mara moja, mdogo wako alipolazwa hospitali. Nilimwendea mwenye nyumba kabla ya siku ya kulipa, nikamweleza, na mwezi uliofuata nikamaliza yote. Mwambie hivyo hivyo."

Chiriku alivitazama vidole vya mama vilivyochubuka, akaogopa kwamba jibu lile lingewanyima mashine. Akamgeukia afisa.

"Mama anasema hapana. Hajawahi kuchelewa hata siku moja."

Afisa aliomba namba ya mwenye nyumba, akampigia simu papo hapo. Afisa alisikiliza kwa muda mrefu huku akimwangalia mama, na alipokata simu uso wake haukuwa na tabasamu tena.

"Mwenye nyumba anasema aliwahi kuchelewa. Samahani sana. Siwezi kumkopesha mtu anayenidanganya siku ya kwanza."

"Anasemaje?" mama aliuliza.

Kwa mara ya kwanza Chiriku alijibu kwa maneno mawili tu. "Anasema... haiwezekani."

Walitoka nje. Walipofika kwenye kona, mama alisimama akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Nimemweleza ukweli wote, na bado amenikataa," alisema. "Labda huku mgeni hata akisema kweli ni kazi bure."

Maneno yale yalimchoma Chiriku. Mama alikuwa anajilaumu kwa ukweli wake, na ukweli wenyewe haukumfikia afisa! Chiriku aliona aibu.

"Mama, ni mimi," alisema huku analia. "Nilimwambia hujawahi kuchelewa. Nilitaka upate mashine."

Mama alimshika mkono. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mwanangu, katika nchi hii sina mdomo mwingine ila wako. Ukidanganya wewe, nimedanganya mimi. Twende, turudi."

Afisa alikuwa akila chakula chake cha mchana waliporudi. Chiriku alipiga moyo konde, akasimulia kila kitu: jibu la mama, uongo wake mwenyewe, na machozi ya mama pale kwenye kona. Afisa akafunika chakula chake.

"Unajua mwenye nyumba aliniambia nini kingine?" alimuuliza Chiriku. "Alisema mama yako alimgongea mlango kumpa taarifa kabla yeye hajaja kudai. Wapangaji wa namna hiyo huwapati hovyo. Nikajiuliza, mbona mtu huyu ananificha jambo linalompa sifa? Kumbe uliyelificha ni wewe!"

Chiriku alitafsiri yote. Mama akashusha pumzi.

Afisa hakuweza kuwapa mashine kubwa. Aliwapa ndogo iliyokwisha kutumika, ya kulipiwa kwa miezi sita. "Akilipa kwa wakati, rekodi yake itaanza hapa," alisema. "Akiona atakwama, aje aniambie mapema, kama alivyomwambia mwenye nyumba." Msimamizi wa nyumba ya wageni naye alikubali kuanza na nusu ya vyumba.

Kila mwezi mama alikuwa dukani siku moja kabla ya tarehe, Chiriku ubavuni. Malipo ya mwisho yalipokamilika, afisa aliwageuzia kioo cha kompyuta. Mbele ya jina la mama, ambapo hapakuwa na kitu, sasa palionekana malipo yake yote, hata moja halikuchelewa. Mashine kubwa, ambayo sasa aliweza kukopeshwa, ilikuwa tayari imefungwa kwa kamba juu ya mkokoteni.

"Muulize mama anasemaje," afisa alisema.

Mama alicheka. "Mwambie nashukuru. Na mwambie mkalimani wangu huyu nusura aniharibie jina kabla sijalipata."

Masikio ya Chiriku yaliwaka moto. Hata hivyo aliyatafsiri maneno yale, moja baada ya jingine, bila kupunguza hata moja. Afisa aliangua kicheko, kisha akamshika bega.

"Nilikuwa nasubiri kusikia kama utayasema," alisema. "Miezi hii sita nimeokota maneno ya lugha yenu kidogo kidogo, binti. Watu huanza kukuamini siku unaposema kweli huku inakuuma mwenyewe. Mama yako aliijua siri hiyo kabla hajafika hapa, na leo umeijua na wewe. Haya, kamsaidie kusukuma mkokoteni."