Kichwa cha Ng'ombe wa Krismasi

Mulama ni mtu mzuri, lakini usimpe maikrofoni. Akishika maikrofoni, anaahidi vitu.

Anaishi Nairobi, mtaa wa Komarock, na mkewe Nasike na binti yao Triza. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni. Jioni anarudi nyumbani akinukia sabuni, na Nasike humtania kwamba yeye ndiye mwanamume msafi kuliko wote Eastlands. Nasike anauza mboga za kienyeji nje ya geti: mrenda, managu, sagaa na kunde. Wanakula, wanalipa nyumba, wanacheka. Si matajiri, na hawalali njaa.

Shida ya nyumba hii ni mwezi wa Desemba.

Mwaka juzi Mulama alikodi gari ili waende nyumbani Bungoma kwa Krismasi. Gari lilikuwa jeusi na linang'aa. Alibeba mikate ya kutosha kufungua duka. Akanunulia watu soda, watu aliowajua na wengine aliowaona siku hiyo tu. Kijiji kizima kilimsifu. Januari ilipofika, wenzake Triza walirudi shule, naye Triza akabaki nyumbani karibu mwezi mzima. Kila asubuhi alisimama dirishani akiangalia sare za wenzake zikipita. Hakulalamika. Hilo ndilo lililomuumiza mama yake zaidi.

Na sasa, mwaka huu, Triza alikuwa amemaliza Gredi ya Tisa. Januari angeanza Gredi ya Kumi, tena katika shule ya bweni. Shule ya bweni inataka karo, sanduku, godoro, ndoo, viatu, na vitu vingine ambavyo mzazi hajui vipo mpaka aambiwe avilete. Nasike alikuwa ameanza kuweka akiba tangu Pasaka.

Ungedhani Mulama amejifunza. Sikiliza sasa.

Mwezi wa nane walienda kumzika mjomba wake. Baada ya ibada, mfawidhi akaomba watu wa Nairobi wasimame wasalimie waombolezaji. Salamu, jamani. Mtu husema jina lake, hutoa pole, huketi. Mulama akashika maikrofoni akaongea mpaka mhubiri akaanza kuangalia saa. Watu wakapiga makofi kidogo, kichwa kikamvimba. Akatangaza kwamba Krismasi hii mtu yeyote asinunue nyama, kwa sababu ng'ombe mzima atatoka kwake. Akina mama wakapiga vigelegele pale pale matangani. Nasike akajifunika uso kwa leso.

Walipofika Nairobi, Nasike alimuuliza ng'ombe huyo atatoka wapi. Mulama akasema Mungu yupo. Nasike akasema Mungu yupo, ndiyo, lakini hauzi ng'ombe.

Kisha simu zikaanza. Opicho, binamu ya Mulama anayeishi kule kijijini, alipiga kila wiki kuleta habari. Wiki moja alisema vijana wamesimika mti wa kumfungia ng'ombe. Wiki nyingine akasema kwaya ya kanisa imetunga wimbo wa kumpokea. Halafu akasema nyama imeshagawanywa: mguu wa nyuma ni wa wajomba, matumbo ni ya akina mama, kichwa ni cha wazee. Mwishoni mwa Novemba, Opicho alipiga akiwa na huzuni. Wazee wawili walikuwa wamegombana juu ya ulimi wa yule ng'ombe, na sasa hawasalimiani kanisani. Ugomvi wa ulimi, na ng'ombe mwenyewe hajulikani hata rangi!

Mulama akakonda. Usiku alikuwa akigeuka kitandani kama chapati. Angempigia nani simu aseme ng'ombe hayupo? Mama yake mzazi angeiweka wapi sura yake? Watu wangesema mtoto wake ameshindwa na maisha ya Nairobi. Hilo tu ndilo aliloliogopa. Hakuwaogopa wazee, wala kwaya. Aliogopa kumwaibisha mama yake.

Basi Jumamosi moja akaenda Soko la Burma. Akazunguka kwenye mabucha, akauliza bei, akashika kiuno. Kisha akapata wazo. Ukiniuliza mimi, wazo hilo lilitokana na njaa. Aliona kichwa cha ng'ombe kimewekwa mezani, na pembe zake. Muuza nyama akamuuliza anataka supu ya watu wangapi. Mulama akajibu kwamba hataki supu, anataka ushahidi.

Mpango wake ulikuwa hivi. Angeenda nyumbani na kichwa hicho na kilo chache za nyama. Angesema ng'ombe alichinjwa Nairobi, na nyama nyingine ikaharibika njiani kwa sababu ya joto. Watu wangeona kichwa, wangeamini ng'ombe alikuwepo. Akakilipia, akakitia kwenye gunia, akakipeleka nyumbani.

Nasike alikuwa jikoni. Aliona gunia sakafuni, akadhani ni viazi. Akalifungua. Majirani wa ghorofa tatu walisikia alichosema, na sitakirudia hapa.

"Baba Triza," alisema alipopata pumzi, "hii pesa umetoa wapi?"

Mulama akaangalia dari. Ilikuwa imetoka kwenye akiba ya Triza. Kidogo tu, alisema. Nasike hakupiga kelele tena. Aliketi kwenye stuli, mikono mapajani. Triza, aliyekuwa akikunja nguo chumbani, akanyamaza kabisa. Mulama alisikia ule ukimya, akautambua. Ulikuwa ule ule wa dirishani.

Lakini kichwa kilikuwa pale, na joto la Desemba halina huruma. Ilibidi kitafutiwe baridi. Mwenye friza katika jengo lile ni mmoja tu, Kavata, ambaye wote humwita Mama Ndete. Ni Mkamba wa Mwala. Alikuwa karani wa chama cha akiba na mikopo kwa miaka mingi. Siku hizi amestaafu na anauza barafu za maji matamu kwa watoto. Nasike akapanda ngazi kwenda kumwomba nafasi, na Mulama akamfuata na gunia.

Kavata alichungulia ndani ya gunia. Akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Mnataka mtoto akija kununua barafu akutane na huyu?" aliuliza. "Ketini. Kwanza mniambie kuna nini. Mficha uchi hazai."

Wakamweleza yote, kuanzia maikrofoni mpaka ulimi. Kavata alijitahidi asicheke. Alivumilia mpaka wazee wa ulimi, hapo akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Nasike naye akaanza kucheka, ingawa machozi yalikuwa karibu. Mulama peke yake hakucheka.

"Mama Ndete, ahadi ni deni," alisema.

"Ni deni, kweli," Kavata akajibu. "Lakini deni hulipwa na anayedaiwa. Triza hakumwahidi mtu ng'ombe. Mbona yeye ndiye anayelipa?"

Mulama akainamisha kichwa. Kavata akaongea kwa upole. Alisema kwamba kule ofisini, kila Januari, alikuwa akiona watu wale wale wakija kukopa. Si watu wajinga. Ni watu walioanza kupanga Desemba kutoka mwisho usiofaa. Walianza na sherehe, na mabaki ndiyo yakawa karo. Mabaki hayakuwepo. Anayetaka Krismasi yenye amani huanza na Januari. Kodi, karo, unga na nauli ya kurudi hutolewa kwanza, na huwekwa mahali ambapo mkono haufiki kirahisi. Kinachobaki ndicho cha sherehe. Kama ni kidogo, basi sherehe ni ndogo, na hakuna aliyekufa kwa sababu ya sherehe ndogo.

Nasike aliuliza watu wa nyumbani wataambiwa nini.

"Wataambiwa ukweli, na wataambiwa leo," Kavata akasema. "Ukisema mapema, watu hupanga. Ukisema siku yenyewe, hukasirika. Na msiende kubeba mzigo peke yenu. Sisi kwetu kila nyumba huja na sufuria yake. Mmoja analeta mchele, mwingine maharagwe, mwingine kuni. Mtu akileta kitu chake, hata ule mdomo wa kulaumu unapungua."

Kisha akamuuliza Mulama swali moja: je, amewahi kumuuliza mama yake anataka nini Krismasi? Hakuwahi. Alikuwa akijua tu, kama wanaume wengi wanavyojua mambo.

Kavata akamwambia apige simu hapo hapo. Mulama akasema salio limeisha. Kavata akampa simu yake. Mulama akasema huenda mama amelala. Ilikuwa saa kumi alasiri. Nasike akapiga mwenyewe, akaweka sauti ya juu, akamwekea simu mkononi.

Mama akapokea. Mulama alisalimia, akaulizia mvua, akaulizia kuku, akaulizia mvua tena. Nasike akamkanyaga mguu.

"Mayi," akasema hatimaye, na Mayi ndiyo mama kwa Kibukusu, "ule ng'ombe hayupo. Nikimnunua, Triza hataenda shule. Nisamehe. Nimekuaibisha mbele ya watu."

Mulama alifumba macho.

"Nani alikuambia mimi nataka ng'ombe?" mama akauliza. "Mwaka juzi ulikuja na gari na mikate. Nilipikia watu siku tatu. Moshi uliniingia machoni mpaka nikasahau sura yako. Ulipoondoka, nilikuwa mtoni naosha sufuria. Sikukuaga. Mwanangu, mimi nataka kuketi na wewe tu."

Mama akaendelea. Akasema ana kuku wake, na wifi zake watapika chapati kwa zamu. Alichohitaji ni mtu wa kuziba paa la jikoni kabla ya mvua. Kuhusu wazee, angewaambia yeye mwenyewe. Waliozoea kugombania nyama ya mtu mwingine, alisema, wajifunze kula kunde.

Kuanzia siku hiyo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Akiba ya Triza iliingia kwenye akaunti ya chama cha Nasike, kikundi cha akina mama wanaoweka akiba pamoja, ambayo Mulama hawezi kuigusa bila sahihi ya mkewe. Walinunua sanduku na godoro mapema, kabla ya wauzaji kupandisha bei. Viatu vya ngozi walivipata soko la Kariokor, vigumu kama jiwe, vya kumaliza shule yote. Kile kichwa kikawa supu ya jengo zima. Kavata aliipika, kila nyumba ikaleta kitu, huyu dania, yule ndimu. Pesa ya kichwa Mulama aliirudisha kwa kufanya kazi za ziada kiwandani.

Opicho alipopata habari alilia kwenye simu kama aliyefiwa na ng'ombe wake mwenyewe. Mulama hakubadilisha neno. Alimwambia sehemu yake ni mafuta ya kupikia na sukari, basi, na akamuuliza Opicho yeye analeta nini. Opicho akasema ataleta kuni.

Walisafiri mapema, kabla nauli haijapanda. Mulama alipanda juu ya paa la jikoni akaliziba, huku mama yake akimwelekeza kutoka chini na kumwambia anapiga misumari vibaya. Siku ya Krismasi kulikuwa na kuku, chapati, wali na mboga. Nyumba kumi zilileta sufuria kumi. Kwaya iliimba ule wimbo wa ng'ombe hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa imeshaufanyia mazoezi. Kwa desturi firigisi ya kuku ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba. Mama aliichukua, akampa Triza. Wazee wakakohoa. Mama akasema anayeenda safari ndefu ndiye anayehitaji nguvu, na wazee wakameza mate yao.

Baada ya chakula mama aliketi kwenye mkeka kati ya mwanawe na mjukuu wake. Alimuuliza Triza anataka kusomea nini. Triza akasema anataka kujenga barabara. Wakaongea mpaka giza likaingia, na mama hakusimama hata mara moja kwenda jikoni.

Januari shule zilipofunguliwa, Mulama na Nasike walimpeleka Triza bwenini. Karo ilikuwa imelipwa. Mwalimu alikagua sanduku, akaona kila kitu kipo, akamruhusu aingie. Walifika mapema sana, kabla ya wazazi wengine. Baada ya muda Triza alirudi mbio getini, akihema.

"Baba, nimechagua kitanda mwenyewe," alisema. "Hakuna mwingine aliyefika. Nimechukua cha dirishani."

Akawakumbatia, akakimbia ndani na viatu vyake vikilia kwenye kokoto. Mulama akageukia ukuta. Alisema shule hii ina vumbi jingi. Nasike akafungua mkoba, akampa leso.

"Lia tu, Baba Triza," akamwambia. "Hii haina gharama."