Sauti Ambayo Hakuisajili

Muuzaji aligonganisha sufuria mbili nyuma ya kisogo cha Nyamizi, naye hakusikia kitu. Alipogeuka, sufuria zilikuwa bado zinagongana, kimya kabisa. Muuzaji akakizima kidude kilichokuwa mezani, na makelele ya duka zima yakarudi.

"Hiki ndicho kimezasauti," alisema. "Kila wimbi la sauti linalokuja, chenyewe hulirushia wimbi la kinyume. Yanauana kabla hayajakufikia."

Nyamizi alikuwa mhandisi. Akiwa nyumbani kwake Tabora, aliongoza kwa kompyuta roboti zinazoziba nyufa za setilaiti. Tayari alikuwa amechagua skrini pana, kiti cha kutunza mgongo na taa isiyochosha macho. Alichokosa ni utulivu.

"Unaishi na nani?" muuzaji aliuliza.

"Mama mkwe. Mume wangu yuko kituoni Mwezini."

"Basi isajili sauti ya mama. Azungumze kidogo mbele ya kifaa, na siku akiita utamsikia."

"Nitaisajili."

Hakuisajili. Bi Kalunde alikuwa mtu wa kuita. Aliita kuuliza kama mvua itanyesha, kama mwanawe amepiga simu, kama kuku wamefungiwa. Nyamizi alijiambia atafanya kesho, kisha wiki ijayo. Ukweli ni kwamba kimya kile kilimnogea.

Mchana mmoja alitoka kwenye chumba chake cha kazi kwenda kula, akamkuta Bi Kalunde kwenye sakafu ya bafu, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Alikuwa ameanguka tangu asubuhi.

Hospitalini, roboti za upasuaji ziliunga mfupa vizuri. Bi Kalunde alipozinduka, sauti ilimtoka kwa mkwaruzo.

"Nisamehe kwa usumbufu, mwanangu. Niliita mpaka koo likakauka. Uzee huu, hata sauti haifiki tena. Wewe unajua kuchagua vifaa. Nitafutie kipaza sauti kidogo, niwe nakivaa shingoni."

Kuitikia tu kungetosha kuficha kila kitu. Nyamizi alifungua kinywa aitikie, akashindwa.

"Mama, sauti yako haina kasoro. Mimi ndiye niliyeizuia. Kile kidude cha mezani kinameza sauti zote, na yako niliiacha imezwe. Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku nilipokileta."

Bi Kalunde alitazama dari. "Kumbe," alisema. "Ulipokuwa huniitikii, nilidhani nimekukosea. Nikawa najiuliza nimefanya nini."

Nyamizi alilia, akaomba radhi, na mama mkwe akamwambia yamekwisha. Kimezasauti kilirudishwa dukani. Sasa Nyamizi hufanya kazi mlango ukiwa wazi, sikio moja likiwa sebuleni. Lakini Bi Kalunde haiti tena. Akitaka maji huinuka mwenyewe, akaegemea mkongojo, akapita mbele ya mlango ule taratibu. Nyamizi akikurupuka kumsaidia, humpungia mkono.

"Endelea na kazi, mwanangu," humwambia kwa upole. "Sikutaka kukusumbua."