Mashine Zilizotoka Uani

Filimbi ya muuza mkaa ilipolia, Randa alijua la kufanya. Alizima msumeno wa umeme, akausukuma hadi uani. Mkewe akaufunika kwa shuka mbichi, kama aliyekuwa akianika nguo. Filimbi ilikuwa na maana moja tu: watu wa halmashauri wanakuja.

Randa alikuwa seremala. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu randa yake ya kulainishia mbao haikumtoka mkononi. Mtaa wao ulikuwa na maseremala wengi, na wote walijificha hivyo hivyo. Uongozi uliopita ulikuwa ukibeba mashine za wasio na leseni. Tangu hapo, afisa akipita, mtaa mzima uligeuka kuwa wa madobi.

Shida yao kubwa ilikuwa umeme. Mashine mbili zikiwaka pamoja, taa zilififia na msumeno ulikwama katikati ya ubao. Mota ya msumeno wa Randa ilikuwa imekwisha kuungua mara moja, akaitengeneza kwa gharama. Sasa alikuwa na kazi ya madawati ya shule. Asipoyamaliza kabla ya likizo kwisha, kazi ingepewa mtu mwingine, naye angefunga karakana.

"Mume wangu, ukifunga tutakula mbao?" mkewe aliuliza.

"Mbao ni ngumu, mama watoto. Tutaanza na maranda."

Asubuhi moja filimbi haikulia. Muuza mkaa alikuwa amesinzia. Afisa biashara wa halmashauri, mwanamke wa makamo, alimkuta Randa ameinama juu ya msumeno.

"Hodi, fundi."

Randa alitamani ardhi ipasuke. "Karibu, dada. Huu msumeno si wangu. Ni wa shemeji yangu."

"Na shemeji amekuachia na vumbi lake kichwani?"

Mkewe alijiziba mdomo asicheke.

"Sikuja kubeba kitu," afisa alisema. "Mwenyekiti mpya wa halmashauri amekataza. Ametutuma tujue karakana ziko wapi."

"Ili mtutoze vizuri?"

"Leseni mtalipa, sikufichi. Lakini nikuulize, fundi. Unadhani kwa nini transfoma yenu ni ndogo?"

"Kwa sababu hatupendwi."

"Kwa sababu hamjulikani. Katika mipango yetu, huu ni mtaa wa makazi tu. Shirika la umeme hupima mahitaji. Hapa lilipima taa na pasi. Nani alete transfoma ya karakana kwa watu wanaofua nguo?"

Randa alikaa juu ya gogo. "Kumbe tulipowakimbia nyinyi, tuliukimbia na umeme."

"Kosa si lenu peke yenu. Mliwindwa, mkajificha. Mwenyekiti ameamua mafundi wasajiliwe, wasiwindwe. Anataka kodi zao zilete umeme na barabara. Lakini hawezi kupanga asichokiona."

"Na madawati yangu? Mipango yenu itachukua muda."

"Kweli, transfoma itangoja bajeti. Ila chuo cha ufundi kina mashine, na sasa wanafunzi wako likizo. Mwenyekiti ameruhusu fundi aliyesajiliwa azitumie."

Jioni hiyo Randa aliwaeleza wenzake. "Wewe umerogwa," mmoja alimwambia. "Tangulia. Wakikunyang'anya, tutakuja kukupa pole."

Randa alitangulia. Alijisajili, akautoa msumeno uani, akauweka mbele ya nyumba. Wenzake walichungulia madirishani. Maafisa walipita, wakamsalimu, wakaenda zao. Hakuna aliyegusa kitu. Wiki hiyo mashine zilianza kutoka uani, moja baada ya nyingine.

Randa alichonga madawati kule chuoni, akayafikisha shuleni kabla ya likizo kwisha. Mwaka wa bajeti ulipofika, halmashauri iliutambua mtaa ule kuwa wa karakana. Transfoma kubwa ikaja. Duka la rangi na vanishi likafunguliwa. Wateja wakaanza kuja kutoka wilaya jirani, na vijana waliokuwa wakikaa vijiweni wakapata kazi ya kupiga msasa.

Kwenye mkutano wa wananchi, Randa alisimama. Alikuwa ameandaa maneno mengi, lakini yote yalimtoroka.

"Mheshimiwa mwenyekiti, asante. Na wewe dada afisa, asante sana. Mlitukuta tumejificha, na hamkutucheka."

"Mimi nilicheka kidogo," afisa alisema. Watu wakaangua kicheko.

"Nashukuru, fundi," mwenyekiti alisema. "Lakini umeme ule umeletwa na kodi zenu. Kazi yangu ilikuwa kuamua kodi hizo zifanye nini."

Randa hakuketi. "Basi, mheshimiwa, tunaomba uamue na mtaro. Mvua ikinyesha, malori ya mbao hayafiki."

Mwenyekiti aliinuka kitini. "Twende ukanionyeshe maji yanaanzia wapi."

Mkutano mzima ukawafuata barabarani.