Shikamoo ya Mfalme Mtoto

Yunisi alipiga goti kidogo mlangoni kwa mama mkwe wake, kibuyu cha maziwa mkononi, akasema kama anavyosema kila asubuhi, "Shikamoo, mama."

"Marahaba," akajibiwa.

Sasa, Bibi Dina wakati huo alikuwa anasukutua. Mashavu yamejaa maji, mdomo umefumba. Na sauti iliyoitikia ilikuwa ya mtoto mdogo, nayo nyumba ile haikuwa na mtoto. Yunisi alikuwa na mimba ya tatu, kubwa, imekaribia. Wale wawili wa kwanza aliwazaa, akawazika.

Bibi Dina alitema maji. "Mtoto wa nani huyo anaitikia shikamoo yangu? Hana adabu!"

"Sijui, mama. Labda ni wachunga mbuzi."

Wakachungulia nje, wakachungulia zizini, wakainua hata ngozi za kulalia. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na harufu tu, ile inayobaki kiganjani ukishinda umefumbata shaba.

Mume wa Yunisi, Fabiano, alikuwa amerudi kijijini kwao Mtinko mwanzoni mwa mwaka huohuo, 1946, kutoka vitani. Msidhani alipiga bunduki. Waingereza walimpa sururu, akachimba mahandaki huko Libya mpaka mikono ikaota sugu, na katika kuchimba walikuwa wanafukua sarafu za shaba za Warumi wa kale. Wenzake walizichezea kamari. Yeye siku moja aliifuta moja kwa jasho la kiganja akaona kichwa cha mtoto: shavu la mviringo, nywele fupi, nguo imefungwa begani. Akampelekea padri wa jeshi.

Padri akasoma maandishi ya pembeni. Akamweleza kwamba baba wa mtoto huyo aliunyakua ufalme, akampandisha na mwanawe kuwa mtawala angali hajamaliza kung'oa meno ya utoto, na haukupita muda maadui wakawaua wote wawili.

"Sasa alitawala nini, Padri?"

"Alitawala hizi sarafu tu."

Basi Fabiano akashikwa moyo na mtoto yule. Akawa anatoa sigara zake kupata sarafu za yule mtoto, na za wafalme wenye ndevu hakuzitaka hata bure. Wenzake wakambandika jina, Baba Kaisari, wakamcheka mpaka meli ya kurudi nyumbani. Mimi ningecheka pia. Lakini mtu aliyezika watoto wawili kabla hawajajua kusema baba, mwache jamani.

Alizileta nyumbani ndani ya soksi ya jeshi. Jioni alikuwa akizimwaga juu ya ngozi ya ng'ombe, akichokoa kutu ya kijani kwa mwiba na samli, polepole, asije akamkwaruza mtoto pua. Na jioni moja, kwa mzaha, akasimama wima, akaipigia saluti sarafu ile iliyotakata kuliko zote, akasema, "Shikamoo, mfalme." Akacheka peke yake, akafunga soksi, akaenda kula ugali wake.

Ebo! Mtu mzima na ndevu zake anampa mtoto shikamoo! Saluti ni mambo ya Wazungu, haina neno. Lakini shikamoo hupanda kwa mkubwa, wala haishuki, na yeye aliishusha ndani ya nyumba ambayo mama yake mzazi yumo. Kesho yake asubuhi ndiyo ile sauti ikaitikia.

Toka hapo kila shikamoo iliyotamkwa mle ndani ilimezwa. Yunisi akisalimia, sauti inawahi. Jirani akija kuomba moto, akasalimia, sauti inawahi, na jirani anaondoka bila moto. Bibi Dina naye akaanza kupungua. Kwanza alisahau majina ya mbuzi wake. Halafu akawa analilia maziwa. Siku moja mchana Yunisi alimkuta ameketi vumbini, kidole gumba mdomoni, akamtazama mkwewe kwa macho yaliyojaa machozi, akamwita, "Mama."

Yunisi alitaka kumrudisha mkubwa kwenye ukubwa wake, akapiga goti mbele yake palepale vumbini, akasema kwa nguvu, "Shikamoo, mama!"

"Marahaba," ikaitika ile sauti, karibu kabisa na tumbo lake. "Huyo wa humo ndani hajambo?"

Jioni ile Fabiano alikiri kwa mkewe habari ya mzaha wake, na asubuhi akaenda Ilongero kumleta Bi Stumai.

Bi Stumai alikuwa mganga wa majini, mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kungojeshwa. Yunisi alipomwona mlangoni alijisahau. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," ikaitika ndani.

Bi Stumai akarudisha nyuma mguu aliokwisha kuuinua. Akanusa, akatema mate pembeni. "Nani amelitolea hili dude shikamoo?"

"Ni mimi, bibi," Fabiano akasema. "Nilikuwa nafanya mzaha."

"Mzaha! Vita vimekula akili yako, wewe?" Akawavuta wote wawili mpaka nyuma ya zizi, akawasemesha kwa kunong'ona. "Ni jini. Limekaa kwenye shaba hiyo miaka yote. Wewe umelipandisha kuwa mkubwa wa nyumba, ndiyo maana mama yako anakuwa mtoto."

"Nikazitupe hizo sarafu?"

"Ukizitupa leo litabaki, cheo linacho. Lazima lishuke lenyewe. Nisikilizeni. Humu ndani shikamoo imekwisha. Kwa mama, kwa mgeni, hata akija padri. Linakula shikamoo hilo, na likishikwa na njaa litakuja kukusalimia wewe, Fabiano, kwa sababu ndiye uliyelipandisha. Usiitikie. Shikamoo isiyoitikiwa haina pa kukaa, litaondoka nayo. Lakini ukiitikia umelipokea kuwa mwanao, na nyumba hii haina nafasi ya wawili."

"Wawili?" Yunisi akauliza, mikono tumboni.

Bi Stumai alimtazama Fabiano mpaka Fabiano akainamisha macho.

"Na yule mtoto wa kwenye sarafu, bibi? Aliuawa bure tu."

"Yule alikufa zamani, amepumzika. Hili limevaa sura yake. Ukimhurumia, unaihurumia nguo."

Wakafunga midomo. Wageni walikatazwa mlangoni wasisalimie, wakanuna, ikasemwa Mtinko nzima kwamba Fabiano amerudi na majivuno ya Kizungu. Yunisi hakujali. Alichojali ni kwamba Bibi Dina alianza kurudi: asubuhi moja aliomba ugoro wake, akamtukana beberu kwa jina lake sawasawa, na Yunisi akalia kwa furaha akiwa amekumbatia mchi.

Lakini lile dude lilikuwa na njaa. Sarafu zilisuguana ndani ya soksi mchana kutwa bila mtu kuzigusa. Vumbi lilidondoka kutoka kwenye dari ya udongo, kama kuna mtu mdogo anakwenda na kurudi juu ya paa la tembe. Maziwa yaliota utando wa kijani, na ile harufu ya shaba iliingia kwenye ugali, kwenye blanketi, kwenye nywele za Yunisi, na mara nyingine, wakiwa wamekaa kimya wote watatu, walisikia pumzi ya nne.

Uchungu ulimshika Yunisi jua likiwa limesimama. Bi Stumai, aliyekuwa amehamia kwao kumngojea, aliingia naye ndani pamoja na Bibi Dina. Fabiano akawekwa nje ukutani, soksi mbele yake, ubani unafuka.

"Litakuja sasa," Bi Stumai alimwambia. "Halina siku nyingine. Uma ulimi ukibidi."

Akakaa. Alimsikia mkewe akiugulia upande wa pili wa ukuta, akamsikia mama yake akimtuliza kwa Kinyaturu, na jua likampiga utosini, na mbuzi waliokuwa kivulini wakainuka wote pamoja wakaenda zao, na ndipo akasikia vinyayo vitupu vinakuja nyuma yake polepole, vinaburuzika, vya mtoto aliyetembea njia ndefu mno kwa umri wake, vikaja, vikasimama begani kwake kabisa, naye akakaza macho kwenye moshi wa ubani asigeuke.

"Shikamoo, baba."

Fabiano akauma ulimi.

"Shikamoo, baba." Sauti ilikuwa imekauka. Haikuwa na ukubwa wowote tena, ilikuwa sauti ya mtoto aliyechapwa akafukuzwa. "Baba, nimechoka. Baba, wanakuja. Shikamoo."

Aliuma mpaka damu ikajaa mdomoni, nayo ilikuwa na ladha ya shaba, na alijua, jamani, alijua kabisa ni nini kimesimama nyuma yake, alikuwa ameambiwa kwa Kiswahili chepesi, lakini wale wawili aliowazika hakuna hata mmoja aliyefikia kumwita baba, na miaka yote ile jangwani akitoa sigara zake kupata sarafu alikuwa akilingoja neno hilo, na sasa limesemwa, limesemwa mara ya tatu na ya nne, na sauti inazidi kufifia, inaondoka, mtoto anarudi nyuma hatua kwa hatua huku analia chinichini asisumbue watu, na Fabiano akaona akimwacha huyu naye aende, atakuwa amezika wa tatu.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mwanangu. Njoo."

Ndani mtoto mchanga alilia. Mara moja, kwa nguvu, kilio kizuri cha mapafu mazima. Halafu kikakatika.

Akasikia Bibi Dina akipiga makofi mgongo mdogo. Akasikia Bi Stumai akisoma, akipuliza, akisoma tena kwa haraka. Halafu kimya. Bi Stumai akatoka mikono imelowa mpaka viwikoni, akamtazama Fabiano, akatazama pembeni mwa Fabiano.

"Alikuwa wa kike," akasema. "Mzima, hana kasoro. Mama yako ndiye aliyempokea." Akachukua chetezo chake, akaondoka bila kuaga.

Fabiano alibaki pale pale. Upande wa pili wa ukuta Yunisi hakuwa akilia bado. Alikuwa anamwita, sauti imechoka, anamwita kwa upole kama anavyomwita siku zote.

"Fabiano? Nimekusikia unazungumza. Nani huyo unayemwita mwanao?"

Fabiano alifungua mdomo ili aseme hakuna mtu. Vidole vidogo, vya baridi, vikaingia kiganjani mwake vikamshika.