Mishumaa ya Bei kwenye Ukuta wa Damas

Damas aliuza mashine ya kushonea ya mke wake bila kumwambia. Akanunua magunia tisa ya mahindi, akingoja bei ipande. Bei ikaanguka. Mke wake, Marceline, akafunga nguo zake, akaenda kwa kaka yake, mji wa Kambove. Hakupiga hata kelele.

Ilikuwa mwaka 1984, katika nyumba za kampuni ya shaba, mtaa wa Shituru. King'ora kilipolia Damas alikwenda kiwandani. Jioni alirudi, akasonga bukari, ugali wa kwao. Mkono wake ulizoea kusonga ya watu wawili, na ile ya pili ililala kwenye sahani mpaka kesho. Hakuna aliyemwuliza habari za kazi. Ndani kulisikika wadudu tu, wakitafuna mahindi.

Jioni moja jirani yake, Mama Émérence, alimkuta akishona midomo ya magunia. Mama huyu aliuza samaki wa chumvi sokoni. Zamani aliwapikia mainjinia Wajapani kwenye mgodi wa Musoshi.

"Unapeleka wapi, Papa Damas?"

"Soko. Kesho asubuhi nauzisha yote. Nimechoka."

"Ulinunua siku gani?"

"Siku ya mushahara. Saa sita. Gunia lilikuwa zaïre mia sita makumi tano."

"Uliuliza bei mara ngapi?"

"Mara moja."

"Eh! Hata samaki yangu batu banageuzaka mara tatu mbele ya kununua!"

Mama Émérence akaokota kaa la moto lililozimika, akachora ukutani.

"Angalia. Mujapani mwenye nilikuwa napikia alinionyesha. Siku moja iko na bei ine: ya kufungua, ya juu kabisa, ya chini kabisa, ya kufunga. Kufungua na kufunga banafanya mwili wa mushumaa. Bei ikifunga juu ya kufungua, unaacha mwili mweupe. Ikifunga chini, unapaka kaa. Bei ya juu na ya chini ni tambi."

"Mushumaa wa tambi mbili?"

"Ya Wajapani iko vile. Siku yako ya mushahara: ilifungua mia tano, ikapanda mia sita makumi tano, ikafunga mia tano na kumi. Mwili mudogo chini, utambi murefu juu. Kama bei ilikuwa inapanda, ile inasema wanunuzi wamechoka. Na weye ulinunua ku ncha ya utambi!"

Damas akaigusa ncha ile kwa kidole.

"Na leo?"

"Siku mingi ni nyeusi, bei inashuka. Leo ilifungua mia ine. Wafanyakazi wakauzisha unga wa posho ya kampuni, ikashuka mia tatu na makumi mbili. Halafu wanunuzi wakarudi, ikafunga mia ine na kumi. Utambi murefu chini. Wajapani banaita ule mushumaa nyundo."

"Basi itapanda?"

"Sikusema vile! Mushumaa hauko nabii. Ngoja ya kesho. Ikifunga juu zaidi, shika magunia. Ikifunga chini, uza."

Kesho yake bei ilifunga mia nne na hamsini. Damas akangoja. Kila jioni Mama Émérence alimletea bei nne kutoka sokoni, naye akachora. Siku alizokosa kuja, Damas alikaa akitazama ukuta peke yake.

Mwezi wa pili wa kungoja, bei ikiwa imepanda sana, mshumaa mweusi ulimeza mwili wote wa mshumaa mweupe wa jana yake: ulifungua juu yake, ukafunga chini yake.

"Wauzaji wameshinda," Damas alisema mwenyewe, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Akauza magunia saba yaliyobaki, kila moja kwa mia saba. Wiki ile bei ikashuka.

Akaongeza mshahara wake, akainunua tena ile mashine, akaipeleka Kambove. Marceline alifungua mlango nusu.

"Weka pale."

"Marceline, sasa miye najua kusoma bei."

"Ni muzuri," akasema. "Safari njema."

Siku hizi Damas hanunui kitu kabla ya kuchora siku kumi. Tangu hapo hajapoteza gunia kwa papara. Lakini kujifunza kulimgharimu hivi: magunia mawili yaliyoliwa na wadudu, mshahara wa mwezi mmoja, miezi miwili na nusu ya kula peke yake, na mke mmoja.